Dawa ya Mzazi na Dawa ya Mahindi

Enoka alisimama katikati ya jiko kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Hakujua atazame wapi.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, la nje, la tofali za kuchoma. Hatua tatu kwa mbili. Nyumba nyingi za Majengo, pale Mpanda, zina jiko la namna hiyo. Lakini hili lilikuwa na kila kitu ndani, na kila kitu kilikuwa kimejificha.

Mkewe, Bernadetha, alikuwa chumbani na mtoto wa siku tano. Enoka alikuwa ameapa kupika mwenyewe. Alikuwa na sababu. Mama mkwe wake, Bi Cecilia, alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Karema. Alishasema kwenye simu: "Nikikuta mwanangu anahangaika, namchukua yeye na mtoto. Watakaa kwangu mpaka mtoto atambae."

Atambae! Enoka hakutaka kulala peke yake miezi yote hiyo. Basi akawasha moto, akabandika uji.

"Bernadetha! Sukari iko wapi?"

"Kwenye kopo la chumvi!"

"Na chumvi?"

"Kwenye kopo la kahawa!"

"Na kahawa?"

"Enoka, tangu lini sisi tunakunywa kahawa?"

Enoka akafungua kopo moja. Akakuta vifungo vya shati. Akafungua la pili. Mbegu za mchicha. Uji ukaanza kufura. Alitafuta mwiko, akaupata nyuma ya gunia la mkaa.

"Usisahau dawa!" Bernadetha akaita tena. "Kijiko kimoja. Iko juu, kwenye kopo la njano."

Dawa aliyosema ni pilipili manga na tangawizi, zimesagwa pamoja. Mzazi aliyetoka kujifungua hutiliwa kwenye uji apate nguvu. Nyumbani kwao waliiita dawa tu.

Juu ya ukuta kulikuwa na makopo mawili ya njano. Yote yalikuwa na unga wa rangi ya majivu. Enoka akatazama hili, akatazama lile. Akachukua lililo karibu na mkono wake. Akatia kijiko kimoja, akakoroga.

"Hodi wenyewe!"

Aliyeingia ni jirani yao Pudensiana, ambaye watu humwita Mama Nestori. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka kumi na minane. Alikuja kumjulia hali mzazi.

"Loo! Mwanaume jikoni! Leo lazima inyeshe mvua ya mawe." Kisha akakunja pua. "Enoka, humo umetia nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mzazi."

Mama Nestori akachukua kopo, akalisogeza kwenye mwanga. "Hii ni dawa ya mahindi, ile mnayochanganya kwenye magunia. Kwani mkeo ana dumuzi?"

Dumuzi ni mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Enoka hakucheka. Akaipua sufuria upesi, kisha akakaa juu ya gunia la mkaa.

"Nani kaileta humu?" Mama Nestori akauliza.

Enoka alitaka kusema mkewe. Kisha akakumbuka. Ni yeye. Baada ya kuvuna, pakiti ilipasuka. Akaona kopo tupu, akamimina humo, akaweka juu.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Usimwage uji uani, kuku watakula. Chimba shimo."

Walichimba mbali na kisima, wakafukia uji wote. Waliosha sufuria na mwiko kwa sabuni mara tatu. Maji ya kuoshea nayo yakaenda shimoni. Wakanawa mikono vizuri. Kisha Mama Nestori akapika uji mwingine, wakampelekea mzazi.

"Leo leo napanga hili jiko," Enoka akasema.

Enoka alikuwa fundi wa kujenga. Alipenda vitu vinyooke. Alipanga makopo yote kwa urefu, marefu nyuma, mafupi mbele, kama wanafunzi mstarini. Sufuria nazo vivyo hivyo. Mchana akamwita Mama Nestori kwa majivuno.

"Pazuri," Mama Nestori akasema. "Sasa songa ugali. Mimi nahesabu hatua zako."

Enoka akafuata maji mlangoni. Akarudi kona ya ndani kufuata unga. Akarudi motoni. Akaenda kutafuta mwiko. Akarudi. Akakumbuka sahani.

"Hatua hamsini na moja," Mama Nestori akasema. "Ungenyoosha njia, ungekuwa umefika kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Kama si kwa urefu, nipange kwa rangi?"

"Panga kwa kazi. Mpishi anafanya nini? Anaosha, anakatakata, anapika. Basi maji yawe mwanzo, meza katikati, moto mwisho. Asirudi nyuma kila saa. Na kitu kikae pale kinapotumika. Mwiko unatumika wapi?"

"Kwenye moto."

"Sasa gunia la mkaa linautakia nini?"

Enoka akautazama ukuta ulio karibu na moto.

"Cha kila siku kikae kati ya kiuno na macho," Mama Nestori akaendelea. "Kizito kikae chini, juu ya ubao, kisipate unyevu. Cha sikukuu kikae juu. Moto uwe chini ya dirisha, moshi utoke. Kuni zisigusane na moto."

Enoka akashika nyundo.

"Weka chini hiyo! Umemuuliza mwenye jiko?"

Bernadetha akaletewa kiti mlangoni, mtoto kifuani. Alitazama makopo yaliyosimama mstarini, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mimi ni mashoto, Enoka. Ukiweka miko kulia, kila siku nitajipiga kiwiko ukutani. Itundike kushoto. Na hiyo meza ishushe kidogo. Mimi si mrefu kama wewe."

Enoka alijua mkewe ni mashoto. Tangu wameoana alikuwa anakula chakula cha mkono huo wa kushoto. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba na ukuta unapaswa kujua.

Siku mbili alipima, akakata mbao, akagonga misumari. Bernadetha aliosha chupa za asali zilizokwisha, zile za plastiki zinazoonyesha kilichomo. Akazikausha, akaandika karatasi, akabandika. CHUMVI. SUKARI. TANGAWIZI NA PILIPILI MANGA. Kila chupa ikaitwa kwa jina la kilichomo.

"Na dawa ya mahindi?" Enoka akauliza.

"Haikai jikoni. Mafuta ya taa pia," Mama Nestori akasema. "Dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye maandishi. Ikipasuka, iingize na pakiti yake kwenye sanduku, ufunge kufuli, uweke stoo mbali na chakula. Usiimimine kwenye kopo la chakula hata siku moja. Na nyie humu ndani, msiseme 'dawa' halafu mkanyamaza. Semeni dawa ya nini."

Jumamosi Bi Cecilia akafika na migebuka, samaki wakavu wa Karema. Akamsalimia mjukuu, akaenda moja kwa moja jikoni kukagua. Enoka alibaki nje kwa heshima ya mkwe. Jasho lilimtoka. Alimsikia anafungua, anafunga. Alingoja aitwe aulizwe chumvi iko wapi.

Hakuitwa.

Moshi ukatokea dirishani. Harufu ya samaki ikafuata. Bi Cecilia akatoka na ugali na migebuka, hakuuliza kitu hata kimoja.

"Nani kapanga jiko hili?"

"Sisi, mama," Enoka akajibu, macho chini.

"Mwanangu amenawiri, na mtoto vilevile. Simchukui mtu."

Enoka akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Ila jiko la namna hii," Bi Cecilia akaendelea, "mtu mwenye akili haliachi. Nakaa mimi."

Enoka akaenda kuliingiza begi la mkwe wake ndani. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, likagoma. Akalinyanyua kwa miwili. Mtu aliyekuja kukagua tu, Enoka akawaza, habebi begi zito hivi.