Karatasi za Mama Colette

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2014, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Gracieuse alifungua saluni yake ya Umbilo Road, akapita katikati ya viti mpaka chumba cha nyuma, kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani nje na vikombe vyao vya chai. Kabati la chuma la Mama Colette bado lilikuwa na kufuli, tena kufuli zima. Mlango wake tu ndio ulikuwa umekaa upande. Droo ya juu ilikuwa tupu.

Chumba hicho kilikuwa ofisi ya Colette Nabintu Mushagalusa, mzaliwa wa Bukavu, raia wa Afrika Kusini tangu 2012. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewasemea wapangaji, wasusi na wakimbizi wa mtaa ule, na hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Sasa chama kidogo cha Sauti ya Mitaa kilikuwa kimempa nafasi ya pili katika orodha yake ya wagombea wa bunge la jimbo la KwaZulu-Natal. Mwanamke aliyeanza Durban kwa kusuka nywele ukingoni mwa barabara! Nisilaumiwe nikijivuna kidogo kwa niaba ya wenzake, maana wao walijivuna kuliko mimi.

Katika droo ile kulikuwa na faili la bluu lenye kitambulisho chake, cheti chake cha uraia na fomu ya kukubali kugombea. Katibu wa chama, kule Overport, alikuwa amesema wazi: karatasi halisi ziwe mezani kwake kabla ya saa saba mchana, la sivyo orodha ingepelekwa tume ya uchaguzi bila jina la Colette. Kitambulisho kipya kingechukua wiki kadhaa.

Saa moja na dakika kumi akafika Josphat Kirui. Huyu alikuwa Mkenya, mkaguzi wa mizigo bandarini. Kampuni za bima zilimlipa kuchunguza makontena yaliyofika yamepungua, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu yeyote kabla ya kunywa chai. Alikuwa amechukua likizo ili amsaidie Colette kampeni.

"Tuwaite polisi?" akauliza.

"Polisi wakuye, itakuwa kesi ya wiki tatu," alisema Colette. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono imetulia mapajani. "Mi niko na mpaka saa saba. Papa Josphat, unitafutie."

Josphat akapiga magoti mbele ya kabati. Kufuli halikuguswa. Lakini pini za bawaba zilikuwa zimegongwa zikatoka, kisha zikarudishwa kwa haraka, moja ikabaki imechomoza nusu. Hila hiyo aliifahamu vizuri. Bandarini, mwizi mwenye akili huacha lakiri ya kontena ilivyo na kuushughulikia mlango.

"Mlango wa nyuma ulivunjwa?"

"Hapana, ilifungwa na funguo," Gracieuse alijibu. "Funguo ziko tatu. Yangu, ya Peguy fundi simu, sababu anaweka masimu yake hapa, na ya kanisa, sababu wanaombeaka hapa kila siku ya tatu. Ile iko na Papa Athanase."

Kisha Josphat akaona jambo lililomfanya akune kichwa. Dari lilikuwa limevuja. Mvua ilikuwa imenyesha kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na droo ya chini ya kabati ilikuwa na maji. Ndimo Colette alimohifadhi vibali vya wakimbizi arobaini na wawili, vilivyokuwa vikingoja barua zake. Hakuna hata kimoja kilicholowa. Vyote vilikuwa juu ya meza, vimepangwa vizuri na kufunikwa kwa aproni ya nailoni ya saluni.

"Nani ameviweka hapa?"

Gracieuse na Colette wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani ni mwenzake.

Saa moja na nusu Athanase aliingia, akiwa njiani kwenda zamu yake kwenye yadi ya makontena. Alikuwa mzee wa kanisa, miaka hamsini na minane, mtu mwenye heshima zake. Biblia yake ilikaa ndani ya mfuko wa ngozi wenye zipu, na wote walimtania kwamba hata kubariki chai lazima avae miwani, alambe kidole na kutafuta mstari. Asubuhi hiyo alisikiliza habari, akatikisa kichwa, kisha akawaombea. Alisema zaburi nzima kwa moyo, macho yamefumbwa, Biblia imebanwa kwapani.

"Mungu anajua, mama," alimwambia Colette. "Pengine haikukuwa saa yako." Akaondoka.

Saa mbili na nusu Josphat alimpigia simu Travis Moodley, mgombea wa tatu katika orodha, ambaye angepanda ngazi endapo Colette angeanguka. Travis alikuwa Pietermaritzburg tangu Jumapili, kwenye harusi ya dada yake, na nyuma yake ngoma zilisikika. Aliposikia kilichotokea alitukana kwa Kiingereza kisha akauliza kama anaweza kusaidia. Josphat alimwamini nusu. Lakini alijiuliza: mtu anayetaka cheo, mwenye dakika chache gizani, atasimama kuokoa vibali vya wakimbizi asiowajua?

Basi alibaki Peguy, fundi simu wa mlango wa pili. Ufunguo alikuwa nao. Aliwahi kuosha makontena bandarini miezi sita. Na Jumatatu mchana, mbele ya wateja wanne, alikuwa amemfokea Colette kwa kukataa kumwandikia barua yenye tarehe ya uongo. "Utaona!" alikuwa amemwambia. Duka lake lilikuwa limefungwa na simu yake haikupatikana. Gracieuse alishamhukumu na kumfunga miaka kumi.

Saa nne na robo Peguy akatokea, amelowa miguu, macho mekundu.

"Eish, munaniangalia hivi juu ya nini?"

"Ulikuwa wapi alfajiri?" Josphat aliuliza.

Peguy akanyoosha mkono. Kifundoni paliandikwa kwa kalamu ya wino namba 14. "Kwenye foleni ya permit, kule ofisi ya wakimbizi. Tunajiandikaka sisi wenyewe, ili mutu asiruke mwenzake. Namba kumi na ine, papa! Ile unapata ukifika saa tisa ya usiku. Ukitoka hata kukojoa, wanakufuta. Uliza namba kumi na tatu, uliza kumi na tano."

Josphat aliuliza. Namba kumi na tatu, mwanamke wa Uvira, alithibitisha kwa simu kwamba Peguy alisimama naye chini ya mwavuli wake mpaka mvua ikaisha, na kwamba anaongea mno.

"Peguy," Josphat alisema taratibu, "wewe ungeiba faili la Mama Colette, ungelipeleka wapi? Ungelichoma?"

Kijana wa watu alishtuka kama ametukanwa. "Kuchoma karatasi iko na cachet, muhuri ya serikali? Wewe Mukenya, haujalala inje sababu ya karatasi. Mi niko na permit ya 2006, ilishakufa zamani, lakini iko chini ya godoro. Hatupasulake karatasi. Hata ya adui."

Hapo Josphat akakaa chini. Mwizi alikuwa mtu wa foleni, aliyewahi kukeshea karatasi. Ndiyo maana alisimama kuviokoa vibali vya wengine, na ndiyo maana faili la bluu lilikuwa bado zima, mahali pakavu, pengine mwilini mwake. Mtu huyo alikuwa na ufunguo, alijua milango ya makontena, na asubuhi ile hakuwa Peguy. Akampigia simu Athanase, akamwomba aje wakati wa mapumziko.

Saa tano na dakika hamsini mzee aliingia, Biblia kwapani. Josphat alimpa kiti.

"Papa Athanase, tusomee neno. Chochote. Ila tusomee, usitukaririe."

Athanase aliibana Biblia kwapani zaidi.

"Asubuhi uliomba bila kufungua Biblia. Miaka sita nakujua, sijawahi kuona hilo. Ulifungua mlango kwa ufunguo wa kanisa kabla ya saa kumi na moja na nusu. Uligonga pini kama wanavyogonga yadini. Halafu dari likavuja, ukaona vibali vya watu vinakaribia kulowa. Mwizi mwingine angekimbia. Wewe ulibaki ukavipanga."

Gracieuse aliziba mdomo kwa taulo.

Mzee akaivuta zipu. Kati ya Biblia na ngozi lilikuwamo faili la bluu, limezungushiwa plastiki mara mbili.

"Papa!" Colette alisema. "Wewe? Wewe njo ulinipokea hapa Durban!"

"Njo kwa sababu nilikupokea," alisema Athanase. "Mama, mwaka wa 2008, wakati walifukuza bageni, walivunja duka langu. Nilikaa wiki tatu kwa hema na batoto. Sasa jina lako litabandikwa kila nguzo, Nabintu Mushagalusa, batu watasoma. Watasema bageni wanataka sasa kututawala. Hawatakuya kwako tu. Watakuya kwa sisi yote. Nilitaka tarehe ipite. Kesho ningekurudishia."

Ilikuwa hofu ya kweli, na kila aliyekuwamo aliijua. Hata Peguy alitazama chini.

Colette akainuka. "Papa, ile mwaka tulikuwa na mabango?"

"Hapana."

"Tulikuwa na mutu kwenye bunge?"

"Hapana."

"Tulikuwa tumejificha. Tulikuwa tunaongea polepole kwa taxi ili wasisikie lugha. Na walitupata." Akalichukua faili. "Mi nimechoka kujificha. Polisi siwaiti. Lakini siku ya Mungu utasimama kanisani, utasema kwa mdomo wako. Na sasa tunaenda wote Overport. Utanisindikiza."

Foleni ya magari ilikuwa mbaya, robot mbili, kama Durban wanavyoziita taa za barabarani, hazikufanya kazi, lakini saa saba kasoro dakika nane walikuwa mbele ya meza ya katibu wa chama, mama mmoja mwenye miwani na haraka nyingi. Alikagua kitambulisho. Alikagua cheti. Alipofika kwenye fomu ili anakili majina kwenye orodha, kalamu ikasimama.

"Majina haya ni marefu," alisema kwa Kiingereza. "Kwenye mabango watu watashindwa kuyasoma. Tuweke Colette tu? Itakuwa rahisi kwa kila mtu."

Colette alifungua mdomo, lakini aliyemtangulia kujibu alikuwa Athanase. Miaka kumi na minane ya Durban alikuwa akiongea na watu wa ofisi kwa kunong'ona, kichwa chini. Sasa alisimama wima na Kiingereza chake cha yadini, sauti ikafika mpaka kwenye korido.

"Hapana, madam. Andika yote."

Katibu akamtazama, kisha akaandika. Athanase aliinama juu ya meza akiifuata kalamu herufi kwa herufi, Nabintu, halafu Mushagalusa, mpaka muhuri ulipogongwa.