Hoja ya Uwanja wa Mpira wa Pete

Ijumaa jioni Mukami alikuwa mlangoni akikatakata sukumawiki. Anaishi mtaa wa Bahati, katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye kuta nene na madirisha madogo. Alizaliwa humo, akaolewa, akahama, akarudi. "Mume alirudi kwa Mungu, mimi nikarudi Bahati," husema.

Mjukuu wake Whitney, wa gredi ya nane, akaingia uani akiburuta mkoba. Hakusalimu.

"Leo bunge limekula nini chako?" Mukami akamwuliza.

Shule ya Whitney ina bunge la wanafunzi. Kila darasa huchagua mbunge wake, na wanachoamua hupelekwa kwa mwalimu mkuu kama pendekezo. Siku hiyo Whitney alikuwa ameleta hoja, kwamba uwanja wa mpira wa pete usigeuzwe kuwa maegesho ya magari ya walimu. Alizungumza vizuri. Kisha Spika akauliza ni nani anayeafiki.

"Wakapiga makofi, Shosho. Bunge zima. Lakini hakuna msee alisimama. Spika akangoja, akasema hoja imeanguka. Na hao watu wa kokoto wanakuja likizo."

Mukami akaweka kisu chini. Uwanja huo aliujua. Alicheza hapo akiwa msichana, miguu mitupu, na vumbi lake lilimfuata hadi kanisani. Ni hapo alipomwona marehemu mumewe mara ya kwanza, amening'inia kwenye ua kama shati lililosahaulika. Leo waje waumwagie kokoto? Akasema Jumatatu atakwenda shuleni, leso kiunoni.

Jirani yao, Mzee Phares, alikuwa akisikiliza kutoka kibarazani pake. Zamani alikuwa karani wa reli, na katika mikutano ya chama cha wafanyakazi yeye ndiye aliyekuwa mwandishi.

"Mama Kimani," akamwambia Mukami, "ukienda na leso kiunoni, mwalimu atakimbia, lakini kokoto zitakuja."

"Nyamaza, Baba Anyango," Mukami akamjibu. "Reli yenyewe ilizeeka ikingoja mkutano wenu uishe."

Phares akacheka, akasogeza kigoda. Akamweleza Whitney kwamba makofi ni ya kanisani na ya harambee. Bungeni makofi hayana kazi. Mmoja huleta hoja. Wa pili husimama na kusema anaafiki. Bila huyo wa pili, Spika hawezi kufungua mjadala, hata kama kila mtu anaipenda hoja.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu," akasema. "Wewe na Spika ni mawili tu, la tatu ni wa kuafiki. Rafiki yako bungeni ni nani?"

"Ifrah. Ndiye alipiga makofi kuliko wote."

Whitney akauliza kama hoja iliyoanguka inaweza kurudi. Phares akamwambia kila bunge lina kanuni zake, akazisome. Jumatatu Mukami akabaki nyumbani, na Whitney akazisoma. Hoja iliyokosa wa kuafiki haijakataliwa. Yaweza kuletwa upya kikao kijacho. Na kabla ya likizo kilibaki kikao kimoja tu.

Jumamosi iliyofuata Ifrah akaja kutoka Eastleigh na sambusa za mamake. Wakafanya mazoezi uani, katikati ya nguo zilizoanikwa. Mukami akajiteua Spika, akawa anagonga sufuria kwa mwiko. Phares akawa mpinzani. Alipinga vizuri mno, mpaka Whitney akamgeukia na kumwambia anadanganya.

Sufuria ikalia. "Mheshimiwa, ongea na Spika," Mukami akasema. "Huyo mzee hata marehemu mkewe alichoka kumjibu."

Phares akasema Spika amesema kweli kwa yote mawili. Mbunge humwelekea Spika, wala hamtukani mwenzake. Halafu akawaambia kuhusu marekebisho. Mtu akitaka kubadili sehemu ya hoja, asichukuliwe kuwa adui. Marekebisho hupigiwa kura kwanza, kisha hoja yenyewe.

Walipokuwa wakila sambusa, wazee wakaanza kukumbuka ukumbi wa mtaa. Enzi hizo, kila Jumamosi wanaume waliketi humo mkutanoni na kofia magotini, kila mmoja akingoja zamu ya kusema. Mukami alikuwa akichungulia dirishani, mtoto wa kusimama juu ya debe. Siku hizo hata ugomvi ulipanga foleni. Sasa ukumbi hukodishwa kwa harusi, na huko kila mtu huongea kwa pamoja.

Siku ya kikao wageni waliruhusiwa kuketi nyuma, bila kusema, na Mukami na Phares wakaja. Whitney akaleta hoja. Ifrah akasimama kabla hata ya Spika kumaliza kuuliza.

"Bwana Spika, naafiki."

Mjadala ukafunguka. Mvulana aitwaye Munene akasema walimu nao wana magari, na hayawezi kuning'inizwa mtini. Akapendekeza marekebisho: uwanja ubaki, magari yawekwe nyuma ya jikoni, palipotupwa madawati mabovu.

Mukami alisikia neno "magari" tu. Akasimama. "Huyu kijana amehongwa na nani?"

Spika, kijana mrefu aitwaye Hashi, akamtazama kwa upole. "Mgeni wetu, kanuni haziruhusu watazamaji kusema. Ukirudia, nitakuomba utoke."

Mukami akaketi. Kando yake Phares alikuwa akiikagua dari kwa makini sana.

Whitney akainuka. "Bwana Spika, nakubali marekebisho ya Mheshimiwa Munene. Hatuna vita na magari. Tunataka pa kuchezea."

Waliosema ndiyo kwa marekebisho walikuwa wengi. Kwa hoja iliyorekebishwa wakawa wengi zaidi. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akakubali pendekezo, na likizo ilipofika kokoto zikamwagwa nyuma ya jikoni.

Shule ilipofunguliwa, wasichana walimwalika Mukami uwanjani. Akavua viatu. Vumbi lilikuwa lilelile. Pete ndiyo iliyokuwa imepanda juu, au yeye ndiye aliyeshuka. Akarusha mpira. Ukagonga chuma, ukaanguka nje.

"Naleta hoja mlingoti ukatwe," akasema.

"Naafiki," Phares akasema kutoka kwenye ua.

Whitney akaitisha kura. Wasichana wote wakasema la.

Mukami akawatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kugombana naye. Hakumpata. Akafunga leso kiunoni, akauokota mpira, akarudi kwenye mstari kujaribu tena.