Mpangaji Asiye na Glavu

Kila asubuhi, kabla jua halijaruka mabati ya jirani, Kidoti na mama yake walikuwa wameshainama. Mama alipiga deki, Kidoti akafuta meza, dirisha na kingo za mlango. Mama alikuwa mfanya usafi wa zahanati, na watu wa mtaa ule walisema sakafu yake inatia aibu kukanyaga. Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia kama wengine wanavyorudia salamu: "Palipo na uchafu, ugonjwa una kitanda."

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya shavuni, alilimeza neno hilo zimazima.

Siku moja mjomba wake, muuza miche, alisimamisha lori lililojaa vyungu vya maua. Alikuwa anahamisha bustani yake yote kwenda mji mwingine. Mkononi alishika jani pana, na juu ya jani alikaa chura wa kijani, mdogo kama kidole gumba, macho yamemtoka kama mtu aliyesikia habari mbaya.

"Huyu ni chura wa mitini, huishi kwenye majani," mjomba alisema. "Nikimbeba safarini atapondwa na vyungu. Je, bibie, utamweza mpaka nirudi?"

"Namweza!" Kidoti alijibu kabla swali halijaisha.

"Basi mpe maji, mpe wadudu walio hai, usimwache juani. Na..."

Dereva alipiga honi. Hilo "na" likaondoka na lori, na Kidoti hakulikimbilia. Alikwisha kumpokea chura, akaona ameshajua kila kitu.

Mama alimtazama mgeni, akaguna. "Haya. Tumepata mpangaji asiyelipa kodi." Basi jina likawa hilohilo, Mpangaji.

Kidoti alichukua ndoo ya plastiki angavu iliyowahi kuwa na peremende, akatoboa matundu kwenye kifuniko, akaweka udongo, kijiti na kisahani cha maji. Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Giza lilipoanza kuingia, Mpangaji alipanda kijitini, akamvizia nondo, akaruka, hap! Nondo hayupo. Rafiki yake wa jirani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyejua kitufe cha kumzima, alitangaza habari hizo shule nzima.

Halafu Kidoti akaona choo cha chura ukutani mwa ndoo.

"Uchafu!" alisema, akashika kichwa.

Mama alikuwa kazini. Chini ya meza palikuwa na chupa ya dawa ya sakafu, ile kali inayonusika hadi barabarani. Amri ya nyumba ilikuwa moja: chupa hiyo haiguswi na mtoto. Lakini Kidoti alimwona mama akiitumia kila siku, na sakafu haikuwahi kulalamika. Alimwaga udongo wote nje, akaipaka ndoo dawa, akaifuta, akatandika kitambaa cheupe, akarudisha kijiti, kisahani na Mpangaji.

"Inang'aa!" Redio alisema. "Hata mimi ningehamia."

Kesho yake Mpangaji hakupanda kijitini. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia ikawa kama jani lililokaa mfukoni. Nondo alimpita puani, hakumtazama.

Kidoti aliwaza kwa akili aliyokuwa nayo. Chura anaumwa. Ugonjwa una kitanda. Kitanda ni uchafu. Basi hakusafisha vya kutosha! Akaisugua ndoo tena, safari hii akiongeza dawa. Akamwosha na Mpangaji mwenyewe kwa sabuni ya mkono, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Baada ya hapo miguu ya chura ilitawanyika, akalala tumbo chini, koo likicheza kidogo sana.

Kidoti alimpigia mjomba kwa simu ya jirani. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akaifunika ndoo kwa kitambaa chenye unyevu, akaibeba, akakimbia na Redio hadi kwa daktari wa mifugo, aliyekuwa nyuma ya ofisi yake akimchunguza mbuzi meno.

Daktari alichungulia ndani ya ndoo kwa muda mrefu. "Mwanangu, nikudanganye? Mimi ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Huyu hata sijui nimshike wapi. Muulize aliyekupa."

"Hapatikani."

"Basi mweleze mtu mzima wa nyumbani kila ulichomfanyia. Kila kitu, umesikia?"

Njiani Redio alijaribu. "Labda tumwimbie."

"Nyamaza, Redio."

Na Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alinyamaza. Hapo ndipo Kidoti alipoogopa kweli.

Alikaa kizingitini, ndoo mapajani. Kila alichokijua alikwisha kukifanya, na kila alichokifanya kilimsukuma Mpangaji karibu zaidi na kufa. Mtu mzima wa nyumbani alikuwa mama. Kumweleza mama ni kuitaja chupa. Kutomweleza ni kumtazama chura akikatika pumzi.

Mama alifika, hata hakuvua viatu. Pua yake ilikuwa ya kazi. "Nani amefungua dawa yangu?"

"Ni mimi, mama." Machozi yalimtoka. "Nilimsafishia Mpangaji nyumba. Alipoumwa nikasafisha tena. Nikamwogesha na sabuni. Nilidhani namponya."

Mama alifungua mdomo kugomba, akaiona ndoo, akaufunga. Alitoa glavu zake za kazi mkobani, akaziweka kwenye goti la Kidoti.

"Unajua kwa nini navaa hizi?"

"Usichafuke?"

"Dawa isinile ngozi. Mwaka ule glavu zilipokwisha zahanati, viganja vyangu vilipasuka hadi nikashindwa kushika kijiko. Sasa huyu mwenzangu glavu zake ziko wapi?"

Kidoti alizitazama glavu, kisha chura. Mama akachukua simu yake, akapiga, akapiga tena, mpaka sauti ya mjomba ikaja katikati ya ngurumo za lori.

"Sabuni? Lo!" mjomba alisema. "Dada, chura hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi, ndilo neno nililokatizwa na honi. Ukimpaka dawa umemnywesha dawa! Chukueni maji ya mvua, mumsuuze polepole. Msimshike na mikono mikavu. Tupeni ndoo hiyo. Mtafutieni chombo kisichojua dawa, udongo mbichi, majani. Halafu mwacheni."

"Nimwache?" Kidoti alidakia. "Nisifanye kitu kingine?"

"Hakuna kingine, bibie. Akipona atapona mwenyewe."

Walifanya alivyosema, kwa maji ya pipa lililokinga mvua. Kisha ikaja kazi ngumu kuliko kupiga deki. Kidoti aliweka mikono nyuma, akaikamata mmoja kwa mwingine, akakaa kumtazama. Alitamani kumgeuza, kumpapasa, kumuongezea maji. Hakugusa. Usiku huo Mpangaji hakusogea. Mchana wa pili hakusogea. Redio alikuja, akakaa kando yake, akatazama, akaenda zake bila habari ya kutangaza.

Jioni iliyofuata kitu kiligonga ukuta wa chombo, tap. Nondo aliyekuwa amejibanza kwenye jani hakuwepo tena, na Mpangaji alikuwa juu ya kijiti, kijani chake kikirudi mgongoni polepole.

"Mama! Amekula!"

Mama alikuja akifuta mikono. Alitazama, akatabasamu, kisha akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nami nina sehemu yangu. Nilikufundisha kusafisha, sikukufundisha kwamba dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Lakini wewe ulijiona unajua yote, hukuuliza. Ukamwachia mjomba aondoke na neno mdomoni, ukanificha chupa mimi niliyekuwa karibu. Kumpenda mtu si kumpa unachokijua wewe. Ni kuuliza anachohitaji. Na asiye na mdomo wa kusema, mwulizie kwa anayemjua, mapema, hata kama kuna kugombezwa."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho chupa ile itapanda juu ya kabati."

Kidoti aliitikia kwa kichwa. Alitaka kunyoosha kidole, amguse Mpangaji kidogo tu, ahakikishe. Akakumbuka, akairudisha mikono nyuma, akaendelea kutazama.