Nati kwenye Bega la Mukubwa

Kila Jumamosi, nikishachota maji na kufua sare yangu ya shule, nilivuka barabara kwenda kwenye karakana ya Papa Evariste, pale pale mtaani Mapendo tunapokaa. Ni paa la mabati juu ya nguzo sita, na vumbi la mikaratusi linalonata hadi kwenye nyusi. Hapo Papa Evariste huchonga chukudu, zile baiskeli ndefu za mbao zisizo na pedali, zinazobeba viazi na makaa kote Goma.

Hakuwahi kumpa mtu chukudu mpya bila kuipakia kwanza. Aliijaza mawe meusi ya volkano, mara mbili ya mzigo wa kawaida, akaisukuma kwenye njia yenye mashimo huku mnunuzi akitazama. Ikivunjika, alicheka tu na kuirudisha ndani.

"Afadhali ivunjike hapa mikononi mwangu," alisema. "Kule kwenye mteremko itakuwa imebeba mutu."

Mimi naitwa Munezero. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilisoma darasa la sita pamoja na Masika, binti wa Papa Evariste. Kaka yake Masika, Prodige, alikuwa na miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo.

Mjomba wao alikuwa amekuja kutoka Butembo na simu yenye picha za watu wa mbali wakicheza vita mezani kwa mashine kubwa zinazotembea. Mjomba alisema mashine hizo hununuliwa dukani, kwenye maboksi. Prodige alizitazama picha hizo mpaka simu ikazimika. Kisha akaenda kuokota vipande vya mbao chini ya meza ya baba yake.

Mashine zetu tuliziita majitu, na kila mmoja alilipenda jitu lake kuliko mengine yote. Langu lilikuwa Chura: makopo mawili ya sadini, miguu minne mifupi ya misumari, na mzinga wa bomba la kalamu. Joyeuse, jirani yetu, alikuwa na Twiga, mwenye shingo ya antena ya redio. Prodige alikuwa na Mukubwa.

Mukubwa alikuwa mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alichongwa kwa mkaratusi ule ule wa chukudu. Magoti yake yalikuwa ya mpira wa tairi, na kifuani alikuwa na kifuniko chekundu cha soda, mfano wa kaa la moto. Alisimama kwa miguu miwili tu.

"Miguu miwili itakuangusha," nilimwambia Prodige.

"Chura wako anaogopa kusimama!" alinijibu. "Jitu lisimame kama mutu. Likikutazama, ujue umetazamwa."

Mezani tulipanga mawe ya volkano yawe milima. Nyumba na watu, Prodige alivikataa. "Majitu yapigane yenyewe huko kwenye mawe," alisema. "Watu wamebaki nyumbani, wanakula." Familia yetu ilikuwa imekimbia vita kutoka Kibumba, tukalala miezi saba chini ya turubai kambini kule Kanyaruchinya. Niliipenda sheria hiyo kuliko nyingine zote.

Sheria ya kupiga ilikuwa hivi. Mpigaji alitikisa dadu ndani ya mkebe wa nyanya, akaufunika mezani, akachungulia, akasema namba. Moja na mbili, risasi imekosa. Tatu na nne, imepiga kiuno. Tano na sita, imepiga bega. Kila pigo lilikuwa nati moja ya chuma, tuliyoitundika kwenye msumari mdogo wa kiuno au wa bega. Jitu likizidiwa na uzito wa nati likaanguka, limeshindwa; na nati za bega ndizo zilizoangusha upesi. Dadu ilionwa na mpigaji peke yake.

"Tukianza kuchunguliana, mchezo umekwisha," Prodige alisema.

Mwezi wa pili malaria ilimshika Prodige. Aliugua siku nne. Siku ya tano tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki vya msiba uani kwao, na Papa Evariste alikuwa akichonga msalaba wa mkaratusi, hataki mtu mwingine auguse.

Baada ya Pasaka, Masika alimtoa Mukubwa kabatini, akaisugua misumari yake mpaka grisi yote ya zamani ikatoka, akamweka mezani.

"Nitacheza naye mimi," alisema.

Nilitikisa mkebe, nikachungulia. Sita. Nikamwangalia Masika. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza.

"Mbili," nilisema. "Nimekosa."

Masika akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu siku ya viti vile. Joyeuse alinitazama kidogo, na zamu yake ilipofika, yeye pia akachungulia na kusema, "Tatu, kiuno." Hatukupatana kwa maneno. Jumamosi sita mfululizo tulidanganya hivyo, na Jumamosi sita mfululizo Mukubwa alishinda.

Kisha Masika akaja mbio na habari. Siku ya sikukuu ya parokia, watoto wa mitaa mingine waliouiga mchezo wetu wangeleta majitu yao uani pa kanisa, na yeye alikuwa ameshaandikisha jina la Mukubwa.

"Prodige alisema Mukubwa ataangusha Goma nzima!" alisema. "Sasa watamwona."

Watoto wa mitaa mingine wangesema namba walizoziona. Mara mbili nilitaka kumwambia ukweli, mara mbili nikamwomba maji ya kunywa badala yake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu nilimkuta Masika akimpangusa Mukubwa kwa kitambaa. Ghafla mkono wake ukasimama.

"Munezero, Joyeuse, njooni muone."

Nati zetu tulizipata kwa fundi wa pikipiki, nazo zilikuwa na grisi. Misumari ya kiuno cha Mukubwa ilikuwa myeusi kwa grisi. Ile ya mabegani ilikuwa inang'aa kama siku ilipopigiliwa.

"Mechi sita," Masika alisema polepole. "Na hakuna nati hata moja iliyogusa bega?"

"Bahati yako," Joyeuse alisema.

"Bongo! Unanidanganya! Dadu gani haina tano wala sita?" Akanigeukia. "Munezero, sema."

Sikuweza kumtazama. "Sikutaka Mukubwa aanguke," nilisema. "Ungelia."

"Basi nani alishinda hizo mechi? Si Prodige. Si mimi. Ni nyinyi mulikuwa munacheza na mutoto!"

Akamkumbatia Mukubwa kifuani, akalia bila sauti. Msumeno wa Papa Evariste ulikuwa umenyamaza. Alikuja akipangusa mikono kwenye suruali.

"Kuna nini, binti yangu?"

Nilimweleza mimi mwenyewe, tangu ile sita ya kwanza. Nilingoja anifukuze. Yeye alimtoa Mukubwa mikononi mwa Masika, taratibu, akamsimamisha katikati ya meza.

"Chukua mkebe, Munezero. Mupige."

"Papa..."

"Mupige, mwanangu. Na useme namba unayoiona."

Nilitikisa mkebe. Nilichungulia. "Tano," nilisema. Masika mwenyewe akatundika nati kwenye bega la kushoto. Mukubwa akatikisika, akasimama. Joyeuse akatikisa. "Sita." Nati ya pili. Mukubwa akainama mbele polepole, kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha akaanguka kifudifudi. Kifuniko chekundu kikabingirika hadi sakafuni.

Nati mbili tu! Nilidhani Masika angekimbilia ndani. Lakini alimwinua Mukubwa, akamgeuza, akaitazama miguu yake.

"Nyayo ni fupi mbele," alisema. Kisha macho yake yakafunguka. "Papa, Prodige alijua! Aliniambia, 'Miguu hii nitaitazama vakansi, shule ikifungwa.' Nilisahau kabisa!"

Papa Evariste alikwenda kwenye pembe ya vipande vya mbao, akapekua, akarudi na kipande cha mkaratusi na tupa. Alimpa Masika.

"Basi vakansi imefika," alisema.

Mchana ule wote Masika alichonga nyayo mpya. Joyeuse alishika mbao, mimi nilikata mpira wa tairi wa kuweka chini. Papa Evariste alituonyesha jinsi ya kurefusha unyayo bila kugusa goti alilolifunga Prodige. Tulimpakia Mukubwa nati mabegani. Akaanguka kwenye ya tano. Tukarudia kuchonga. Akaanguka kwenye ya nane.

Tulipokuwa tunafagia, Papa Evariste aliketi juu ya chukudu ambayo haijakamilika, akatuita karibu.

"Mulimupenda mwanangu, na mulimuhurumia dada yake. Nawashukuru," alisema. "Lakini uongo wa huruma ni sawa na kumpa mtu chukudu isiyopakiwa mawe. Anaondoka akifurahi, na ubovu wake anaukuta mteremkoni, peke yake. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli akiwa karibu nawe, ili umsaidie kutengeneza." Akaokota kile kifuniko chekundu, akakifuta kwa kidole gumba. "Prodige mwenyewe siwezi kumtengeneza tena. Miguu ya jitu lake niliweza. Mungeendelea kunificha, hata hilo ningelikosa."

Nilimwomba Masika msamaha. Alininyooshea ufagio. "Malizia pale," alisema, na nikajua amenisamehe.

Siku ya sikukuu, uani pa parokia palikuwa na meza nne na kelele nyingi. Mukubwa alishinda mechi mbili. Katika ya tatu alikutana na jitu la miguu sita la mvulana mmoja mrefu, akaanguka kwenye nati ya tisa. Masika alizikusanya nati, akazihesabu kwa sauti, zote tisa. Papa Evariste alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi.

Yule mvulana alimwinua Mukubwa, akamgeuza huku na huku, akapiga mluzi.

"Nati tisa kwa miguu miwili! Nani alitengeneza hili?"

"Kaka yangu, Prodige," Masika alisema. "Miguu ni yangu mimi."