Mto wa Insha Yangu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nachota maji mitungi miwili. Kwetu ni Silanga, upande wa Kibera unaopakana na bwawa, na kioski cha maji kilikuwa mbali na mlango wetu. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa kunywa na kupikia. Wa pili tuliogea, tukafulia, tukaoshea vyombo, na maji yaliyobaki tukayamwaga sakafuni kutuliza vumbi. Saa hizo Mama alikuwa ameshakwenda soko la Kawangware kununua sukuma wiki za kuuza, naye Baba alikuwa ameshatoka kwenda mjengo, kwenye vibarua vya ujenzi. Kwa hiyo mimi, Caren, sihitaji mtu wa kunieleza maji ni nini. Ndiyo maana nikikumbuka nilichoandika juu ya maji, najionea haya hadi leo.

Ilikuwa muhula wa pili. Mwalimu Khamala, anayetufundisha Kiswahili gredi ya saba, aliingia darasani na furushi la vijitabu vinavyong'aa. Kampuni moja kubwa ya kigeni, inayochimba dhahabu huko magharibi mwa nchi, ilikuwa imeandaa shindano la insha kwa shule za mitaa yetu. Mada ilikuwa faida za mgodi. Mshindi angelipiwa masomo yake yote mpaka amalize sekondari.

Mgodi wenyewe ulikuwa mahali panapoitwa Got Rateng'. Beth, tunayeketi naye dawati moja, alinipiga kiwiko cha mbavu.

"Wee Caren! Si huko ndio ushago kwenu?"

"Ndio. Ni kijijini kwetu, Baba alizaliwa huko."

"Basi hiyo imeenda! Ni yako hiyo. Sisi wengine tunajisumbua tu."

Nilicheka, lakini moyoni niliona amesema kweli. Kitu kimoja tu sikumwambia. Got Rateng' nilikwenda mara moja nikiwa na miaka mitatu, na ninachokumbuka ni mbuzi aliyenikimbiza.

Sasa lazima nieleze juu ya daftari la mapambo. Katika shule yetu kila mwanafunzi analo. Ukisikia sentensi tamu, unaiandika humo, kisha unaikariri ili uje uitie kwenye insha. Mwalimu akiikuta anaichorea alama nyekundu pembeni, na alama nyekundu zikiwa nyingi, umepita. Haijalishi sentensi inazungumzia nini. Tumewahi kuandika juu ya ajali mbaya ya moto, na nusu ya darasa tukaanza kwa kusifu ndege walioimba asubuhi hiyo.

Nilifungua daftari langu upande mmoja na kijitabu cha kampuni upande wa pili. Kijitabu kilisema mto wa Got Rateng' ni safi kwa sababu ya mitambo ya kisasa. Nikaandika: "Mto wa kwetu hutiririka maji maangavu kama kioo, na samaki hucheza ngoma mbele ya macho ya bibi yangu." Kijitabu kilisema kuna zahanati. Nikaandika kwamba bibi yangu hutibiwa humo na kutoka akiruka kama ndama. Niliandika kurasa tatu namna hiyo. Mwalimu Khamala alizipaka wino mwekundu mpaka zikapendeza.

Nikashinda.

Mama alilia kwa furaha mbele ya meza yake ya mboga, akawapa wateja sukuma za bure siku hiyo nzima. Baba aliniita "profesa". Tuliambiwa kwamba Ijumaa afisa wa kampuni, Bwana Kagiri, angefika shuleni kupiga picha na kumpa Mama fomu atie sahihi.

Jumatano ya wiki hiyo ndipo Dani alipowasili. Dani ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake Baba. Alikuja kutibiwa miguu. Kwa desturi yetu mzazi hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo jirani yetu Mama Angeline alimpa kitanda, nami nikaambiwa nilale huko nimsaidie.

Kila Dani alipokuja Nairobi alibeba mfuko mkubwa. Nyumba nzima ilinukia shamba: viazi vitamu, karanga, mahindi mabichi, na mara nyingine kuku aliyefungwa miguu. Safari hii niliurukia mfuko kama kawaida yangu nikakuta leso mbili, Biblia, na chupa ya soda iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Dani, hakuna viazi?"

"Viazi vipo, nyakwara," alisema. Ndivyo anavyowaita wajukuu wake. "Lakini vya kule siku hizi siwezi kuwalisha watoto."

Nikafungua karatasi. Ndani ya chupa hamkuwa na soda. Mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yake tope la kijivu. Nilipofungua kifuniko, harufu kama ya betri iliyooza ilinipiga puani. Nimekulia kando ya bwawa la Silanga na uvundo wake naujua, lakini ule ulikuwa mgeni kwangu.

"Funga," Dani alisema. "Nimemletea daktari aone tunachoogea."

Alhamisi alikwenda kliniki na Mama. Jioni niliporudi kutoka shule nilimkuta ameketi kitandani kwa Mama Angeline, leso ameipandisha hadi magotini apake dawa. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imebanduka vipande vipande, na katikati ya vidonda nyama ilikuwa nyekundu. Niligeuza uso. Naona aibu kusema hivyo, lakini niligeuza.

"Mama yako ameniambia umeandika juu ya kwetu ukawashinda wote," alisema, akaachia dawa ili anisikilize vizuri. "Hebu nisomee."

Ningesema karatasi iko shuleni. Lakini Mama alikuwa amefunga nakala yake kwenye bahasha na kumwachia Dani mapajani. Nikasoma. Mwanzoni nilisoma haraka, kisha polepole. Nilipofika kwa samaki wanaocheza ngoma, Dani aliinua mkono.

"Huo mto uko wapi, nyakwara?"

Nikaishusha karatasi.

"Nauliza kwa sababu ningependa kuhamia huko."

Hakuwa na hasira. Kama angenichapa kofi ningeona afadhali. Alianza kunieleza bila kupaza sauti. Got Rateng' maana yake ni kilima cheusi, lakini kilima chenyewe hakipo tena. Mahali pake pana shimo ambalo ukisimama ukingoni, lori lililo chini unaliona dogo kama kiberiti. Dahabu, Dani hutamka hivyo, inaondoka kwa helikopta, na hajawahi kuiona hata chembe. Dawa wanazosafishia mawe zinamwagwa kwenye bwawa la mgodi, na mvua ikinyesha bwawa linafurika mtoni. Ng'ombe wake wawili walikunywa wakafa kabla ya machweo. Zahanati ipo kweli, ina kibao kizuri na rangi mpya, ila ndani yake mna kiti na kalenda. Yeye na akina mama wengine walikuwa wamepeleka malalamiko serikalini, na mwezi uliofuata kamati ingekuja kuwasikiliza.

"Na hii karatasi yako inakwenda wapi?" aliuliza.

Sikujua. Siku iliyofuata nilijua.

Ijumaa tulikaa katika ofisi ya shule: Mama amevaa nguo ya kanisani, Dani, Mwalimu Khamala na mimi. Bwana Kagiri alikuwa mtu wa tabasamu. Asubuhi hiyo, aliposikia kwamba bibi wa kwenye insha yupo mjini, alikuwa amefurahi kama aliyeokota kitu, akaomba naye aletwe.

"Insha hii imewagusa wakubwa zangu mpaka ng'ambo," alisema, akiiweka mezani na kumsogezea Mama fomu na kalamu. "Ukitia sahihi hapa, tunaichapisha mbele kabisa ya kitabu chetu. Kuna kamati fulani itakuja kule mwezi ujao, tutawapa kila mmoja nakala. Wasome wenyewe mtoto wa Got Rateng' anasema nini. Watu wazima wanasema uongo, lakini mtoto hasemi uongo."

Nikamgeukia Dani.

Akafungua chupa ya maji ya dukani, akamimina kwenye glasi safi, akampa Dani. "Mama mzee, shika hivi, kama unakunywa. Picha moja tu."

Dani aliitazama glasi. "Haya umeyatoa mto gani?"

Bwana Kagiri alicheka. Akasogea na simu yake, akachungulia, akarudi nyuma. "Na leso, Mama mzee, ishushe kidogo. Miguu isionekane."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Yule mtu alikuwa ameviona vidonda. Aliviona vizuri kabisa, na kilichomsumbua ni kwamba vingeharibu picha. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi jana yake niligeuza uso. Nilijiona mchafu kuliko ile chupa.

"Usishushe, Dani," nilisema. "Mwalimu, ile insha ni ya uongo. Huo mto sijawahi kuuona. Nilinakili kijitabu chao nikaongeza mapambo. Sitaki ichapishwe."

"Caren!" Mama aliita kwa sauti ndogo. Nilimwona akiitazama fomu. Nilijua anaona nini pale: sare yangu, vitabu vyangu, miaka yote ile ambayo hangehitaji kuwaza ataipata wapi karo.

"Mtoto ameshtuka tu na kamera," alisema Bwana Kagiri. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila macho yalikuwa yamebadilika. "Mama, nafasi kama hii haiji mara mbili. Weka sahihi tumalize."

Mama alishika kalamu. Akamtazama Dani miguuni, muda mrefu. Kisha akailaza kalamu juu ya fomu, akavisukuma vyote upande wa pili wa meza.

"Nitauza sukuma," alisema. "Nilishazoea."

Mwalimu Khamala alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, hakuniangalia mimi, alimwangalia Dani. "Mama, tusamehe. Mtoto ana kosa lake, lakini mimi ndiye niliyempa alama. Sikumwuliza hata mara moja kama anayajua anayoandika." Akachukua insha yangu kutoka mezani, akaikunja, akaitia mfukoni. Bwana Kagiri alikusanya vitu vyake akaondoka bila kumuaga Dani. Glasi ya maji aliiacha.

Jumatatu Mwalimu aliniambia niandike upya. Safari hii sikufungua daftari la mapambo. Dani alisema kwa Kijaluo ili asikosee neno, Baba akatafsiri, mimi nikaandika: idadi ya ng'ombe, siku walipokufa, rangi ya maji, kiti na kalenda ya zahanati. Mwalimu aliisahihisha tahajia tu. Hakuchora hata alama moja nyekundu pembeni, na ndiyo insha pekee niliyowahi kuionea fahari.

Dani alikwenda nayo nyumbani, pamoja na ile chupa. Mwezi uliofuata alirudi kuonwa na daktari mara ya mwisho, vidonda vya miguu vimekauka, akatueleza yaliyotokea. Karatasi yangu ilisomwa mbele ya kamati, na ile chupa ikawekwa mezani. Kampuni iliamriwa kuwaletea wanakijiji maji safi kwa malori, na maji ya mto yakapelekwa kupimwa. Shimo bado linachimbwa. Lakini hakuna aliyeweza kuwaambia wanakamati kwamba samaki wanacheza ngoma.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi stendi ya basi ya Kibera. Mama alikuwa ameujaza ule mfuko mkubwa: sukuma, kabeji, viazi na nyanya, vyote vya soko la Kawangware.

"Caren," Dani alisema tukingoja, "ukiwa hujui jambo, sema hujui. Hiyo si aibu. Wale watu wana pesa, wana mashine, wana ndege. Kitu walichokosa ni mtu wa kwetu wa kuwasemea uongo, nao wakaja kukitafuta kwenye daftari lako. Usiwape tena."

"Sitawapa, Dani."

Kijana wa kupakia mizigo aliinua mfuko, majani ya sukuma yakachomoza. Akashangaa kwa sauti: "Ai, mathe! Tangu lini mboga zinatoka Kibera zikienda ushago?"

Dani alipanda ngazi ya kwanza, kisha akanigeukia.

"Umesikia, nyakwara?" alisema. "Na hilo pia uliandike."