Kwanza Picha, Kisha Sahihi

Kila asubuhi kabla ya safari, Mama Gia alilizunguka lori lake akiwa na nyundo ndogo mkononi. Aligonga tairi moja moja, akatega sikio. Tairi zima lilijibu "ti!" Tairi bovu lilijibu "bu!" Madereva wenzake walimwita Mama Gia kwa sababu alibadilisha gia taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Miaka tisa alikuwa akibeba vigae na sinki kutoka ghalani kwenda kwenye maduka ya mbali. Mzigo wa kuvunjika hautaki papara.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea pale pale sebuleni, na ndiye aliyemjazia mkewe chupa ya chai ya safari.

"Nenda salama," alimwambia kila mara. "Na usibishane na watu huko."

Lakini ubishi mwingine hukufuata wenyewe.

Siku moja, wakati wa kupakia, Mama Gia alisikia sauti ya kitu kinachovunjika. Foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilikuwa imeingiza meno yake ya chuma ndani ya boksi. Alimwita karani wa ghala.

"Boksi lile limetobolewa. Lishusheni."

Karani hakuinua hata macho. "Mama, kazi yako ni usukani. Tia sahihi hapa, funga turubai, uende."

Mama Gia alipiga picha kwa simu yake. Simu yenyewe ilishaanguka mara nyingi, na kioo cha kamera yake kilikuwa na ufa. Kisha akatia sahihi. Hati ilisema: *Nimepokea mzigo ukiwa mzima.*

Dukani walipofungua boksi, vigae kumi na moja vilikuwa vipande vipande.

Aliporudi ofisini alimwonyesha meneja ile picha. Meneja aliigeuza huku na huku. "Hivi ni vigae au ni uji?" aliuliza. Karani alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Gia alipewa barua ya onyo. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza aliipata kwa ajili ya sinki, kwa mtindo ule ule.

"Ya tatu, usukani utauacha," meneja alisema.

Nyumbani, mumewe aliisoma barua, akaikunja. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe. Omba radhi, yaishe."

"Niombe radhi kwa kosa la nani? Miaka tisa sijavunja hata kikombe! Simpishi mtu. Nitanunua kamera."

"Kamera? Dereva na kamera wapi na wapi?"

"Pale pale waliponicheka."

Jumamosi walikwenda wote wawili kwenye duka la kamera. Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Aliwatolea kamera inayong'aa kama sahani mpya.

"Megapikseli sitini na nne! Zumu mara mia! Utapiga picha ya chungu akiwa juu ya mlingoti! Na bei, mama, ni ya kutupa."

Mume aliitamani. Mama Gia naye alishafungua mkoba. Lakini akajiuliza: mimi na chungu wa mlingotini tuna nini? Akaufunga mkoba.

"Nitarudi."

"Kesho hutaikuta!"

"Nisipoikuta, sitalia."

Jirani yao alikuwa mpiga picha za harusi. Watu walimwita Tabasamu, kwa sababu kutwa nzima aliwaamuru wengine watabasamu. Yeye mwenyewe hakutabasamu hata kwa bahati mbaya. Walimkuta barazani akifuta lenzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kutafuta bei ndogo si kosa. Kosa ni kununua namba. Megapikseli ni ukubwa wa picha tu. Kama unataka kuibandika kwenye ukuta wa ghorofa, sawa. Wewe unataka kuonyesha ufa wa kigae. Kumi na mbili zinakutosha na kubaki."

"Basi niangalie nini, dada?"

"Anza na kazi yako. Unapigia wapi picha?"

"Ghalani. Mna giza hata mchana."

"Mzigo uko karibu au mbali?"

"Karibu. Mara nyingine uko juu, siufikii."

"Na betri utaichaji wapi?"

"Kwenye lori. Nakaa njiani siku mbili, tatu."

"Haya, nusu ya kamera umeshaichagua." Tabasamu aliweka kamera yake mezani. "Humu ndani kuna kipande kinachopokea mwanga. Kinaitwa sensa."

"Sensa?" mume alishangaa. "Ile ya kuhesabu watu?"

"Hii inahesabu mwanga, shemeji. Ikiwa kubwa, picha ya gizani inatoka safi. Ikiwa ndogo kama punje ya mchele, picha inajaa chengachenga. Kisha zumu. Zumu ya kweli ni ya lenzi: unaiona inatoka na kuingia. Hiyo ya mara mia inavuta picha kama unavyovuta kitambaa kibovu. Wewe fundi unajua mwisho wake."

"Kinachanika," mume alikubali.

"Mara tatu au nne ya lenzi inamtosha. Kamera iwe na kituliza mtikisiko, maana mkono unatetemeka. Ichajiwe kwa waya wa kawaida, hata ndani ya lori. Na betri ya akiba msikose."

"Kwa nini asinunue simu mpya tu?"

"Simu nzuri ingefaa pia, sikufichi. Lakini simu inayoona gizani ni ghali kuliko kamera iliyotumika iliyo nzima. Na simu ikizima njiani, amekosa picha na amekosa kukupigia wewe."

Jumatatu Tabasamu alifuatana nao dukani. Alimwomba muuzaji azime taa. Akaweka boksi chini ya meza. "Piga picha maandishi ya boksi lile," alimwambia Mama Gia, "kwa hii inayong'aa."

Mama Gia akapiga. Wakaikuza picha. Maandishi yalikuwa kama mchanga uliomwagika.

"Mmekuja kununua au kunitia aibu?" muuzaji alifoka.

"Tumekuja kununua," Mama Gia alijibu. "Ndiyo maana tunajaribu. Nipe ile nyeusi kabatini."

"Ile imetumika, mama. Haina hadhi."

"Sitafuti hadhi. Natafuta ushahidi."

Ile nyeusi ilisoma mpaka herufi ndogo kabisa. Tabasamu alimulika lenzi kwa tochi, akatafuta mikwaruzo na ukungu. Alisikiliza lenzi ikitoka na kuingia, haikukwaruza. Alifungua pa kuwekea betri. Hapakuwa na kutu. Kisha akadai risiti yenye ahadi ya kuirudisha ndani ya mwezi ikiharibika. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile inayong'aa.

Waliporudi nayo barazani kwa Tabasamu, kazi ya kwanza ilikuwa kurekebisha tarehe na saa. "Picha isiyo na saa sahihi ni shahidi mlevi," Tabasamu alisema. "Piga tatu kila mara. Ya kwanza ionyeshe lori zima na namba yake. Ya pili, mzigo. Ya tatu, kasoro pamoja na namba ya boksi. Usifute, usirembe. Na mwandikie meneja kwamba utapiga picha za mzigo tu, siyo za watu."

Barua iliandikwa. Meneja aliigonga muhuri bila kuisoma.

Safari iliyofuata, Mama Gia alishuka na kamera shingoni. Karani akamjia juu.

"Hapa hapapigwi picha!"

"Imeandikwa wapi?"

"Nasema mimi!"

"Mimi nimeandika, na huu hapa muhuri wa meneja. Sitii sahihi kabla sijapiga."

"Unachelewesha foleni!"

Honi zilianza kulia. Mama Gia hakusogea. Ndipo dereva mmoja mwenye ndevu, aliyekuwa nyuma yake, akatoa kichwa dirishani. "Mwacheni apige! Mimi nangoja!" Honi zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Akapiga lori. Akapiga mzigo. Alipoinama, akaona boksi namba kumi na nne. Jino la foklifti lilikuwa bado limo ndani. Akapiga na hilo. Kwenye hati akaandika: *Boksi 14 limetobolewa kabla sijaondoka. Picha zipo.*

"Libadilisheni," alisema. Karani alikataa. Mama Gia akatia sahihi chini ya maneno yake, akaondoka.

Dukani, sinki lilitoka vipande viwili. Aliporudi ofisini alikuta barua ya tatu imeshachapwa. Karani alisimama kando ya meza, mikono kifuani.

Mama Gia hakukaa. Aliomba kadi ya kamera iingizwe kwenye kompyuta. Picha ikajaa kioo kizima. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Lori likiwa ghalani. Namba ya boksi. Jino la chuma.

Karani aliteremsha mikono.

Meneja akaichana barua ya tatu.

"Na zile mbili, bosi?"

"Zile hazina ushahidi."

"Maboksi yake yalirudishwa stoo. Twende tukayatazame."

Wakaenda. Kila boksi lilikuwa na matundu mawili, upana ule ule wa meno. Foklifti ilipokaguliwa, jino moja lilikutwa limepinda. Siku hiyo hiyo likatolewa, na karani ndiye aliyepewa barua ya onyo.

"Basi, yameisha," meneja alisema. "Maonyo yote nimeyafuta. Sasa hiyo kamera iache nyumbani. Inatuchelewesha."

"Barua mmezifuta, nashukuru," Mama Gia alijibu. "Kamera siachi."

 Meneja akaagiza hati zote ziongezwe nafasi ya maoni ya dereva.

Jumapili hiyo sebule yao ilijaa madereva waliotaka kamera kama yake. Mume alilalamika kwamba hana hata pa kunyooshea mkono, lakini aliendelea kuwamiminia chai. Tabasamu alimuuliza kila mmoja: unabeba nini, unapigia wapi, una simu gani? Wawili walikuwa na simu zinazoona vizuri gizani. Aliwakataza kununua chochote.

Yule wa ndevu alikuna kichwa. "Na mimi wakinikatalia, Mama Gia? Mimi sina maneno mengi kama wewe."

"Maneno ya nini?" alisema Mama Gia. "Zima injini, ukae. Mzigo haujiendeshi wenyewe."