Bomba Lisilopitisha Maji

— Na hii nayo ni nini?

Fundi bomba alikuwa anatafuta ufunguo wa mlango ndani ya mkoba wa mkewe. Badala ya ufunguo, mkono wake ukatoka na tii ya chuma ya nusu inchi, ile ya kuungia mabomba matatu, kofia mbili za kuzibia bomba, na washa kumi, vile vipete vya chuma vya kukazia bolti, zilizotungwa kwenye uzi kama shanga.

Mke alikuwa ameinama karoni anasugua sufuria. Hakugeuka.

— Ni vya shangazi yako. Bomba lake linavuja.

Hapo ndipo uongo ulipojikwaa. Nyumba ya shangazi fundi aliitandazia mabomba mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na yote ni ya plastiki toka tangi hadi koki ya mwisho. Tii ya chuma haina pa kuingilia mle. Mwanamke angemdanganya hivyo mume mwalimu au dereva, akapita salama. Lakini kumdanganya fundi bomba kwa bomba ni sawa na kwenda kumpigia mganga ramli.

Fundi alirudisha vyuma mle mkobani, akafunga zipu taratibu, kama mtu anayefunika chungu chenye nyoka.

Kitendawili: mgeni huyu hagongi hodi, hali wali wako, ila ukilala yeye ndiye anayejigeuza kitandani kwako. Ukishindwa nipe mji. Jina lake wivu, na siku ile alihamia kwa fundi na godoro lake.

Siku kumi baadaye mke alikuwa nje anaanika nguo, simu yake ikalia mezani. Fundi hakuwa mtu wa kusoma simu ya mwenzake. Asubuhi ile alikuwa.

"Shemeji, lile jiwe nimelitoa tena stoo. Njoo saa tisa, mafundi watakuwa wameshaondoka, uani kutakuwa wazi."

Aliyetuma ni Misumari. Nani asiyemjua Misumari? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona, mgane, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, mwanaume anayeuza saruji mwaka mzima na hapati hata vumbi la kiatu. Fundi aliacha kununua kwake tangu siku aliyoambiwa mbele ya wateja kwamba koki anazofunga huwa zinalia machozi. Sasa huyo huyo anamwita mkewe shemeji, na anajua saa ambayo ua unakuwa wazi.

Mke akaingia na beseni tupu. Fundi akamwuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kawaida iliyotengenezwa, leo anatoka kwenda wapi.

— Kwa shangazi, kumwangalia.

Alipokwenda kuoga, fundi akampigia shangazi. Shangazi akafurahi kusikia sauti yake, akauliza habari za mgongo, akauliza habari za kazi, halafu akamaliza kwa kulalamika kwamba mkwe wake amemsusa, mwezi wa pili huu hajamtia machoni.

Basi fundi akampigia dada yake mkubwa. Angempigia nani tena? Jeraha hutafuta mtu wa kulitia chumvi.

— Mdogo wangu, mimi si mtu wa maneno, dada alisema, na kila amjuaye dada alijua kwamba maneno yanakuja kwa gunia. Lakini wifi nimemwona. Mara mbili. Uani kwa Misumari, pale penye rundo la mchanga.

— Wanafanya nini?

— Hapo ndipo sikuelewa. Misumari kakaa kwenye kiti. Wifi anatembea. Anakwenda mpaka ukutani, anarudi. Polepole, magoti kayalegeza, kama bibi harusi anayefundishwa mwendo. Kashika kitu kifuani, sikukiona vizuri. Na yule bwana anamtazama tu anatikisa kichwa.

— Anatikisa vipi?

— Kama mtu aliyeshiba.

Fundi alikwenda kazini, lakini kazi haikumtaka. Koki ya mteja aliikaza mpaka ikakatika shingo. Alipoinama chini ya sinki aliona kiti. Aliposimama aliona ua. Alipofumba macho aliona mkewe anakwenda anarudi, magoti yamelegea, na mwanaume mwenye kola kali anatikisa kichwa. Kwake hajatembea hivyo hata siku moja. Kwake hupita mbio na ndoo.

Saa tisa kasoro robo akachukua spana kubwa, ile ya kushika kwa mikono miwili, akaondoka. Njiani alipanga maneno. Angeanza na mwanaume, amalize na mwanamke, halafu arudi nyumbani akafungashe nguo za mtu kwenye sanduku. Nguo za nani, hapo alikuwa bado hajafikia.

Geti la uani lilikuwa wazi kweli. Misumari alikuwa kwenye kiti chake. Na mke alikuwa anatembea, vile vile alivyosema dada: mgongo umenyooka, magoti laini, macho kifuani. Alipogeuka ukutani akamwona mumewe na spana, akasimama. Kile kitu kilibaki mkononi mwake, hakikuyumba.

— Shangazi hajambo? fundi aliuliza.

Mke akakishika kile kitu kwa mikono miwili.

— Nimekuuliza. Bomba lake limeacha kuvuja?

— Karibu, fundi, Misumari alisema, akainuka na kumsogezea kiti. Kaa kwanza, na hicho chuma kiweke chini, kizito hicho.

— Wewe nitakufikia. Nazungumza na mke wangu.

Akamwendea, akamnyang'anya kile kitu. Kilikuwa bomba la chuma la nusu inchi, refu kama mkono wa mtu mzima. Juu kofia iliyotobolewa, bolti imepita katikati, na kamera ndogo ya mkewe, ile aliyoinunua imeshatumika, imekaa juu ya bolti kama ndege juu ya mti. Katikati ile tii, na kipini kimetoka ubavuni. Chini kabisa limefungwa jiwe la mizani la kilo moja, la zamani, lile la kupimia misumari, na washa zimepangwa chini yake.

— Jiwe lake la mizani, fundi alisema. Amekupa mpaka jiwe lake.

— Kaniazima.

— Na hiki nani kakufungia?

— Nimefunga mwenyewe.

— Usinidanganye tena.

— Nimesema mwenyewe.

Fundi akainua kile chuma juu, na ukuta ulikuwa karibu. Misumari akapiga hatua. Mke hakusogea. Alikuwa anaangalia kamera, machoni kama mtu anayeangalia mtoto kwenye ukingo wa kisima.

Lakini mkono wa fundi una macho yake. Kidole gumba kilikuwa kimegusa ungio la tii, kikakuta vinyuzi vyeupe. Tepu ya bomba, ile inayozungushwa kwenye meno ya chuma ili maji yasipenye, ilikuwa imetoka nje na kujikunja kama ndevu za mbuzi. Akashusha chuma akatazama. Ungio la pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Tepu yote imezungushwa kinyume, kwa hiyo bomba lilipokazwa, likaitapika.

Duniani fundi alimjua mtu mmoja tu anayezungusha tepu hivyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao walifunga koki ya jikoni pamoja, na bibi harusi, ambaye hutumia mkono wa kushoto, akaomba azungushe tepu yeye. Asubuhi waliamka maji yamefika uvunguni, kandambili zinaelea. Walicheka siku tatu. Mtoto wa siku ya kwanza dukani kwa Misumari hawezi kukosea hivi, na Misumari mwenyewe angeona aibu. Hapa hapakupita mkono wa mwanaume yeyote. Kila ungio lilikuwa na mkono wa kushoto wa mkewe, peke yake, akihangaika.

Hasira ikamwishia miguuni. Lakini kidonda kilikuwa bado.

— Sasa kwa nini ulisema uongo?

— Kwa sababu ukweli nilikwambia kwanza, mke alisema. Nilikwambia nataka kupiga video za harusi. Nikakwambia mkono wangu unatetemeka nikitembea, picha inaruka, kuna chuma cha kuutuliza lakini cha dukani hatukiwezi, nikakuuliza bomba la nusu inchi litafaa. Ulinijibu nini?

Fundi akaangalia mchanga.

— Hukunijibu. Ulikwenda kwa kinyozi ukawachekesha watu. Ukasema, mke wangu anataka kubeba kamera kwenye bomba la choo. Mama Sinema. Nilikuwa napita nje, mume wangu. Nilisikia jina langu jipya kabla sijafika nyumbani.

Fundi akaiweka spana chini, kwenye mchanga.

— Nami nikiri langu, Misumari alisema. Siku ya kwanza alipokuja, nilitamani. Sikatai, mimi si gogo. Siku ya pili nikampa kiti na soda baridi. Akanywa soda, akashukuru, akaniuliza washa tano zitatosha au sita. Siku ya tatu nikavaa shati jipya, akaniuliza kuhusu kutoboa kofia. Nikajua hapa sina changu. Ila nikuambie kitu, fundi: yote aliyoniuliza mimi ni yale ambayo ungemjibu wewe.

Neno hilo liliingia kuliko ngumi. Fundi akageukia kile chuma, akatoa kisu kidogo mfukoni na tepu mpya. Angalau hili analiweza.

— Nipe nifungue, nikufungie upya vizuri.

— Usiguse.

— Tepu imekaa kinyume.

— Najua. Lakini humu hapapiti maji, mke alisema. Nimeipima siku nane mpaka imetulia. Ukikaza tena tii itageuka, kamera italala upande, na Jumamosi mwenye ukumbi ananijaribu. Bibi harusi anatembea toka getini mpaka kitini, mara moja tu. Picha ikiruka, kazi anapewa mwingine.

Basi fundi akabaki na tepu mkononi, mbele ya bomba lisilomhitaji. Hiki ndicho kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani.

Akatoa simu. Akampigia kinyozi, akaweka sauti ya nje, ua wote usikie. Kinyozi akaitika kwa kelele za mashine na vicheko vya wateja.

— Kinyozi, wale tuliokuwa nao siku ile wapo?

— Wapo wawili watatu. Vipi, Mama Sinema ameshapata tuzo yake ya Oska?

— Waambie jina hilo nimelifuta. Niliyemcheka ni mke wangu, na nilicheka kwa sababu nilikuwa sielewi alichoniuliza. Kile chuma cha kamera kimeundwa, kinafanya kazi, nimekishika. Atakayemwita hivyo tena ananiita mimi mjinga.

Mashine upande wa pili ikazimwa. Kinyozi akasema sawa, kaka. Hakuna aliyecheka.

Mke akajifuta uso kwa mkono wa kushoto. Akanyoosha mkono, fundi akamrudishia chuma chake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

— Unataka nifanye nini? aliuliza. Niambie chochote.

— Tembea.

— Nitembee wapi?

— Toka getini mpaka kwenye kiti. Siku zote hizi nazunguka peke yangu, sina wa kumfuata. Leo wewe ndiye bibi harusi.

Fundi akatazama viatu vyake vya mpira vyenye tope. Akamtazama Misumari, ambaye alijifanya anahesabu mifuko ya saruji. Akaenda getini, akageuka, akaanza kutembea. Mkewe akarudi nyuma mbele yake, hatua kwa hatua, magoti laini, na ile kamera ikaelea hewani kama iliyosahau kuwa dunia ina mashimo.

Nusu ya njia geti likalia. Dada, aliyesikia kwamba mdogo wake amepita na spana, alikuwa amekuja mbio kushuhudia fumanizi, mtandio begani, pumzi juu. Akamkuta mdogo wake kwenye mchanga, kidevu juu, anatembea kama mwali.

— Mungu wangu, alisema dada. Wamekupa nini?

— Pisha, dada, fundi alijibu bila kugeuza shingo. Unaingia kwenye picha.

Alipofika kwenye kiti akasimama. Mke akatazama kioo kidogo cha kamera, muda mrefu. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akamtazama mumewe sawasawa.

— Umetembea na hasira, alisema. Hujaolewa hapo, umekamatwa. Rudi getini.

Fundi akarudi getini.